Tawakali ya Mwenye Gari Kuukuu

Juu ya vioo na nyuma ya bodi za magari makuukuu yanayopanda na kushuka milima ya Usambara, kama ilivyo katika njia nyingi za nchi yetu, aghalabu huandikwa maneno ya kumtegemea Mungu, na ni nadra kuliona gari jipya lililotoka bandarini juzi limeandikwa hivyo. Jambo hilo mtu wa dhihaka huweza kulifasiri kwamba imani huongezeka kwa kadiri breki zinavyopungua. Mimi siifuati dhihaka hiyo, maana fukara anayemkumbuka Mola wake kila apandapo garini ana adabu kuliko tajiri asiyemkumbuka kabisa. Lakini swali lililojificha chini ya kicheko hicho ni swali la haki, wala halistahili kuachwa mikononi mwa wacheshi: mtu mwenye gari la kale na mfuko mwepesi, asiyeweza kulihudumia gari lake kama vitabu vya kiwanda vinavyoagiza, naye akaliondoa alfajiri likiwa na watu 12 ndani yake na dua mdomoni mwake, je, amemtegemea Mola wake au amemjaribu? Na ikiwa upo mpaka baina ya mambo hayo mawili, mpaka huo umepita wapi?

Gari ninalolikusudia ni Land Rover ambayo wengi huiita kwa tarakimu zake tu, 109, yaani idadi ya inchi zilizopo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na hasa ile iliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971, ambayo hata leo, baada ya kuishi umri wa kumzika dereva wake wa kwanza na pengine wa pili, bado ingali ikipakia viazi, kabichi na watu katika njia za udongo za milimani. Asili yake yafaa ikumbukwe, kwa kuwa inahusiana na maudhui yetu kuliko inavyodhaniwa. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani humo akitumia Jeep kuukuu iliyobaki vitani. Naye, kwa kujua kwamba siku moja Jeep ile itamfia na hapana gari la Kiingereza la kushika mahali pake, akaanza kufikiri gari jingine. Gari hilo lilipotolewa mbele ya watu katika maonyesho ya Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948, bodi lake lilikuwa la mchanganyiko wa alumini, si kwa anasa bali kwa dhiki, kwani chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao katika nchi iliyochoshwa na vita. Kwa hiyo mwenye gari bovu na fedha kidogo asijione mgeni mbele ya chombo hiki. Wazo la kukiunda lilizaliwa katika kichwa cha mtu aliyekuwa na gari bovu vilevile, ingawa fedha yake, bila shaka, haikuwa kidogo.

Dhiki ile imekiachia chombo sifa moja ambayo ni neema na fitina kwa pamoja. Mabawa yake, milango yake, sakafu yake na hata paa lake vimeshikwa kwa boliti, na mtu mwenye spana chache, jeki moja na mti wenye kivuli huweza kulifumua gari zima na kulirudisha, akabadili kipande hiki leo na kile mwakani. Alumini yake hailiwi na kutu kama bati. Kinacholiwa ni chasisi ya chuma iliyo chini, tena huliwa kutoka ndani, ambako matope ya masika huingia na hayatoki, hata rangi ya nje ikawa safi ilhali ndani pamebaki unga. Fundi mwenye akili haiangalii rangi. Huigonga chasisi kwa nyundo ndogo toka mwisho hata mwisho na kusikiliza, maana chuma kizima hulia na chuma kilichooza hunyamaza. Neema, basi, ni kwamba gari hili halifi. Fitina ni kwamba mwenyewe, kwa kuliona halifi, huzoea kudhani kuwa haliui.

(Wanafalsafa wa Kiyunani walipenda kuulizana kama merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao zake moja moja hata zote zikawa mpya, ilikuwa merikebu ileile au nyingine. Mwenye Land Rover ambayo injini yake ni ya tatu na milango yake imetoka katika magari matatu mbalimbali hana usiku wa kukesha kwa suala hilo, na serikali imekwisha kumkatia hukumu: gari ni lile lenye namba iliyopigwa katika chasisi.)

Suala lake yeye ni jingine. Siku ya gulio gari hujaa, na siku zisizo za gulio huondoka na nusu ya abiria; katika nauli hutoka dizeli, hutoka posho ya utingo, hutoka tairi, bima na leseni, na kilichosalia hudaiwa kwanza na nyumba kabla ya kudaiwa na gereji. Kila spea inunuliwayo ni karo ya mtoto iliyocheleweshwa. Mtu wa namna hii hapati faragha ya kuuliza kitu gani kinastahili kutengenezwa, kwa kuwa vyote vinastahili. Analouliza ni kitu gani kitangoja, na hilo, kwa maoni yangu, ni swali la dini kabla ya kuwa swali la ufundi.

Majibu mawili mepesi humjia, nayo yote mawili ni mabaya. La kwanza ni la wale wasemao kwamba siku ikifika imefika, na kwamba aliyeandikiwa kufa Soni hatakufa Mombo, awe na breki au asiwe nazo. Hoja hii si ya leo, na jawabu lake pia si la leo. Amiri wa waumini Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni iliyoingia huko, aliamua kurudi na watu wake, na sahaba mtukufu Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naye Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anaitoka kadari moja ya Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha hatoki nje ya kadari. Kwa hiyo fundi anayekaza boliti hashindani na kadari. Yumo ndani yake, na boliti yake imo pia.

Jibu la pili ni la watu wa maneno makali, wasemao kwamba asiyeweza kulihudumia gari asiwe na gari. Aghalabu wasemaji wake ni watu wasiopata kukaa usiku katika kijiji kilicho juu ya njia ya udongo, mama mja mzito akilia ndani, na gari lililopo likiwa ni hilo moja. Jibu hili lina sura ya uadilifu, walakini linawatwisha mafukara adhabu ya ufukara wao, kisha linakwenda zake.

Aliyenisaidia mimi kuuona mpaka ni mtu asiyepata kuliona gari maishani mwake. Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus na kufariki mwaka 1111, ameweka katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini mlango mrefu wa tawakali, na humo amezigawanya sababu, yaani njia ambazo Mungu amezijaalia kuleta matokeo, katika daraja tatu. Ya kwanza ni sababu za yakini, ambazo matokeo hayatengani nazo kwa desturi ya Mungu katika ulimwengu wake, kama mkono kupeleka chakula kinywani. Na mtu mwenye njaa anayekaa mbele ya chakula bila kunyosha mkono, akangoja shibe imjie kwa tawakali, huyo kwa Ghazali hana tawakali bali ana wazimu. Ya pili ni sababu za dhana yenye nguvu, ambazo matokeo huweza kupatikana bila ya hizo lakini ni nadra, kama msafiri wa jangwani kuchukua masurufu. Kuzishika si kinyume cha tawakali, na ndiyo mwendo wa watu wema waliotangulia. Ya tatu ni sababu za kuwazia tu, kama vile kufuata fali, ambazo moyo unazishikilia kwa tamaa au hofu bila ya uthabiti wowote. Na hizi ndizo zinazoiharibu tawakali, kwa kuwa zinauhamisha moyo kutoka kwa Mwenye Kuzisababisha sababu ukatua juu ya kitu kisicho sababu hata kidogo.

Na limo jambo moja katika mlango huo ambalo ningependa kila dereva alijue. Ibrahimu al-Khawwas, walii aliyetajika kwa kusafiri majangwani bila masurufu, hata hivyo hakuachana na sindano, mkasi, kamba na chombo cha kutekea maji. Ghazali analieleza kwa upole wa mtu anayejua safari: maji ya kisimani hayapandi juu yenyewe kwa desturi, na nguo ikichanika jangwani hapana wa kuishona, na sitara ya mwili ni sharti ya sala. Walii yule aliweza kuacha chakula, kwa kuwa mwili wake aliuzoeza njaa, na kukosa chakula ni shida ya mwenyewe. Lakini hakuweza kuacha kamba. Basi ikiwa mtu mwenye daraja ile alikuwa na kisanduku cha vyombo, sembuse sisi?

Tulipime sasa gari letu kwa daraja hizi, tuone kama zinashika.

Breki ni katika yakini. Land Rover ya umri ule ina mfumo mmoja tu wa mabomba ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mpira mmoja wa silinda ya gurudumu ukipasuka, au bomba moja likitoboka kwa kutu, hapana gurudumu linalobaki na breki. Kutoka Lushoto, penye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, hadi Mombo chini katika tambarare, njia inateremka kiasi cha mita 1,000 kwa kilomita zaidi kidogo ya 30, pamoja na kona za Soni ambazo hazimpi dereva nafasi ya kuuinua mguu. Katika mteremko kama huo drami za breki hushika moto, na zikishika moto hupanuka na kujitenga na viatu vyake, hata kanyagio likawa linakwenda mbali zaidi kila kona. Kisha kuna mafuta yenyewe ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya kwetu ina unyevu wa kutosha. Yale ya daraja ya kawaida, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakisha kunywa maji huweza kuchemka katika nyuzi 140. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubinyika. Dereva hukanyaga, na mguu wake ukafika sakafuni bila ya kukutana na chochote.

Wapo wanaoongeza maji ya sabuni pindi mafuta yanapopungua, na wapo wanaotia oili ya injini, wasijue, au wakijua, kwamba oili ile huvimbisha mipira yote ya mfumo na kuiharibu. Nimeitazama kazi ya kutoa upepo katika breki za gari kama hili, katika uwanja wa gereji isiyo na paa: fundi amelala chali penye gurudumu la nyuma la kushoto, ambalo ndilo lililo mbali zaidi na masta silinda, na ndipo kanuni inapotaka kazi ianzie, amechomeka mpira mwembamba mweupe kwenye chuchu ya silinda, ncha yake ya pili imezama katika chupa yenye mafuta kidogo, na utingo yuko juu kwenye kanyagio. “Kanyaga! Shikilia! Achia!” na vipovu vikapanda ndani ya mpira kama punje za mtama. Ilipofika zamu ya gurudumu la mwisho, mwenye gari, aliyekuwa akiitazama saa na abiria wake waliokwisha kukaa, akasema, “Fundi, la mwisho hilo tuliache, mbona zinakamata?” Fundi hakuinua kichwa. “Hapa sokoni zinakamata, mzee. Teremka nazo Soni uone.”

Na lililo muhimu ni kwamba kazi ile yote, pamoja na chupa ya mafuta na mipira ya silinda, haikufikia hata nusu ya bei ya tairi moja. Hapa ndipo ufukara unapotudanganya. Tunadhani kwamba wajibu mkubwa una gharama kubwa, kwa hiyo fukara amesamehewa. Lakini mtu akikaa na kuandika orodha ya vitu vya yakini katika gari la kale, yaani breki, maungio ya usukani, boliti za magurudumu, na mahali springi zinaposhikana na chasisi, ataona kwamba vingi vyao vinadai macho, spana na grisi kabla ya kudai fedha.

Daraja ya pili, ile ya dhana yenye nguvu, ni pana zaidi, na humo ndimo hekima ya mwenye gari inapojulikana. Ekseli za ndani za magari haya, zile fimbo mbili zinazotoka kwenye difu kwenda kila gurudumu la nyuma, zina sifa ya kukatika zinapopewa mzigo mkubwa kwa ghafla, kama pale gurudumu linaposerereka matopeni kisha likakamata mwamba. Si lazima zikatike. Wapo walioendesha miaka na miaka bila ya kukatikiwa. Kwa hiyo mwenye busara hubeba moja ya akiba, hata iwe ya mtumba, chini ya kiti au juu ya paa, kama Khawwas alivyobeba kamba yake; na ikikatika na akiba hana, huweza kutia gari katika magurudumu manne na kurudi nyumbani likivutwa na ya mbele. Chakula cha safari ni hicho: ukiwa nacho umefanya vyema, usipokuwa nacho utapata taabu, lakini hapana aliyekufa.

Walakini daraja hizi hazikai mahali pamoja, na katika nukta hii nadhani Ghazali mwenyewe angekubaliana na mafundi. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Imefungwa nyuma ya gea boksi, nayo hushika fimbo ya propela. Ekseli moja ya nyuma ikikatika, difu hubaki huru kuzunguka kwa upande uliokatika, na breki ya mkono ikawa imeshika propela ambayo haina habari tena na magurudumu. Dereva aliyesimama mlimani, aliyeuvuta mkono wa breki na kushuka kuangalia ni nini kilicholia, huweza kuliona gari lake likiondoka peke yake kwenda bondeni. Basi kitu kilekile ambacho katika tambarare ya Handeni ni cha dhana, katika ukingo wa Mtae ni cha yakini, na mtu hawezi kuisoma hukumu yake katika orodha iliyoandikwa na mtu asiyeijua njia yake. Jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu, ambalo bei yake ni kuinama, linaingia papo hapo katika daraja ya kwanza. Dereva anayemtuma utingo kutafuta jiwe kabla ya kuizima injini, huyo kwangu ana tawakali iliyokamilika, na akipenda kuiandika kwenye kioo, aiandike.

Ya tatu sitaikalia sana. Chupa za dawa za kumiminwa ndani ya injini ambazo huahidi kuziba kila kinachovuja na kufufua kila kilichochakaa. Honi za sauti saba. Taa za rangi. Rangi mpya juu ya chasisi iliyonyamaza. Dini imekemea israfu, nasi tumezoea kudhani kwamba israfu ni maradhi ya matajiri. Si hivyo. Israfu ya fukara ni kuinunua taa ya bluu katika mwezi ambao mpira wa silinda ulikuwa ukidondosha. Kuvuja kwa oili ya injini au ya gea boksi, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo magari haya yameishi nalo tangu ujana wao, na mwenye kuongeza oili kila asubuhi badala ya kulifumua gea boksi kwa ajili ya sili moja hana lawama, maadamu oili hiyo haifiki kwenye viatu vya breki.

Sasa tufike palipo pagumu. Itakuwaje ikiwa kitu cha yakini kimeharibika na fedha hakuna kabisa, si kwamba imepungua bali hakuna? Hapa siwezi kumpunguzia mtu wajibu kwa kumhurumia. Ufukara hupunguza idadi ya sababu zilizo mkononi mwa mtu, lakini haubadili mpangilio wake. Asiye na mkono wa kupeleka chakula kinywani hapewi ruhusa ya kula kwa sikio. Gari lisilo na breki na lilale. Nami naelewa ninachokisema: kulilaza gari kwa wiki mbili ni kuilaza na nyumba, na anayesema neno hili akiwa ameshiba alaumiwe kama atakavyolaumiwa. Lakini watu 12 waliolipa nauli hawakushauriwa. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta vidole vyake vimelowana, alimkemea muuzaji kwa kuificha chini ile iliyonyeshewa, akamtaka aiweke juu watu waione. Abiria ananunua kufika. Mwenye gari anayejua kwamba kanyagio lake linahitaji kupigwa mara tatu kabla ya kushika, naye akanyamaza, ameiweka nafaka yake mbichi chini. Na maneno mazuri yaliyo juu ya kioo yamekuwa ile kavu ya juu. Mafakihi wameandika kwamba aliyekodi mnyama akampakia zaidi ya mapatano, mnyama akafa, huyo ni mdhamini wa alichokiharibu. Ikiwa dhamana inakuwapo kwa mgongo wa punda, kwa mgongo wa mtu yasemwe nini?

Atauliza mtu: na mgonjwa wa usiku? Dharura hakika hulegeza makatazo, lakini hulegeza kwa kadiri yake tu, na hata dharura ina sababu zake za yakini. Dereva asiye na breki ya kutegemea, mwenye mama mja mzito nyuma na hospitali bondeni, alisimamishe gari penye usawa, aurudishe nyuma mkono ule wenye kifundo chekundu hata gari likaingia katika gea nzito za magurudumu manne, atie namba moja, na asiikanyage klachi tena mpaka afike bondeni. Injini italishika gari hata likawa linakwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Wasindikizaji wateremke, watembee mbele na mawe mikononi. Safari ya nusu saa itakuwa ya saa mbili. Hiyo ndiyo bei ya dharura, nayo hulipwa kwa subira, si kwa roho za wengine. Na akiisha kufika, gari lisirudi kubeba abiria wa gulio kwa hoja ya kwamba jana liliweza.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemuelemea mtu mmoja kwa jambo lisilo lake peke yake. Katika kijiji chenye gari moja, gari lile ni la nani? Hati ni ya mwenyewe, na faida ni yake. Lakini mja mzito wa kila nyumba atapita humo, na maiti atakayerudishwa kutoka hospitali ya wilaya atapita humo, na viazi vya kila shamba vitapita humo. Wanazuoni wametufundisha faradhi ya kifaya, wajibu ambao wakiutimiza baadhi huwaondokea wote, na usipotimizwa na yeyote dhambi huwa ya wote, na mfano wake ulio mashuhuri ni kumuosha na kumzika maiti. Kwa ajili ya faradhi hiyo takriban kila kijiji cha kwetu kina chama cha kufa na kuzikana, chenye mweka hazina, daftari na mchango wa kila mwezi, na wanachama wake, Waislamu kwa Wakristo, hawagombani juu ya haki yake. Sijapata kusikia chama kilichotoa fedha yake kununua masta silinda. Sanda tunayo tayari. Mpira wa breki ambao ungeliiahirisha sanda tunamwachia mtu mmoja na nauli zake, kisha ajali ikitokea tunakusanyika, tunachanga kwa ukarimu, na kumlaani yeye.

Kanuni ya kulibadili jambo hili haihitaji elimu nyingi. Chama kimkopeshe mwenye gari spea za yakini, si fedha, tena kwa karadhi isiyo na riba, naye alipe kwa safari za wagonjwa zitakazoandikwa katika daftari lilelile la maziko. Wazee wawili wapewe haki ya kusema gari lilale, na siku za kulala kwake chakula cha nyumba yake kihesabiwe katika karadhi. Mwenye gari atanung'unika kwamba ameingiliwa katika mali yake, na atakuwa na haki kidogo. Na baadhi ya wanachama watanung'unika kwamba wanamtajirisha mtu mmoja, nao watakuwa na haki kidogo vilevile. Sharti ambalo mimi nisingelikubali liondolewe ni hili, kwamba fundi wa kulikagua gari asiwe ndugu wa mwenyewe wala asilipwe naye, na kwamba alikague kwa nyundo.